"Gari ni mali, teksi ni hela inayopotea": tuipige hiyo hesabu

Swali:

"Habari mtaalamu. Naishi na mke wangu na mtoto wa miaka 3. Kazini ni kilomita 11 kutoka nyumbani. Siku tatu kwa wiki tunaenda na kurudi na teksi za kuita kwenye simu kwa sababu tunamshusha mtoto njiani, siku mbili zilizobaki napanda basi. Mara tano kwa mwaka tunaenda kwa wazazi, kilomita 240, tunakaa siku tatu tunarudi, nako ni basi. Nimeandika matumizi ya miezi mitatu, nauli zote zimefika asilimia 5 ya bei ya gari ninalolitaka (limetumika, lina miaka sita), na robo tatu ya hizo nauli ni teksi tupu. Nina akiba ya asilimia 30 ya bei, benki wamekubali kunipa 70 iliyobaki, riba 15% ya flati, miaka minne. Kaka yangu ananicheka, anasema teksi ni hela inayopotea ila gari ni mali, na nikiliingiza kwenye teksi za mtandao jioni na wikiendi litajilipa lenyewe. Kilichonifanya niulize ni usiku mmoja mwezi uliopita. Mtoto ana pumu, alibanwa saa nane usiku, dereva wa kwanza akakataa safari, wa pili naye akakataa, tumesimama nje dakika arobaini. Mke wangu tangu siku hiyo hataki kusikia kingine zaidi ya gari. Ninunue au niendelee hivi hivi?"

Jibu:

Pole sana na huo usiku. Naanzia hapo maana nimesoma swali lako mara mbili na nikaona hesabu zote ulizoandika ni za mchana, ila kinachokuuma ni cha saa nane usiku. Hayo ni maswali mawili tofauti, ukiyafunga pamoja utafanya uamuzi wa hela kwa hofu na uamuzi wa mtoto kwa hela, na yote mawili yatatoka vibaya. Tuanze na hela, usiku nitaurudia na sitaupita juu juu.

Kwanza nikupongeze kwa kuandika matumizi ya miezi mitatu. Nimetunza mahesabu ya magari ya watu na ya ofisi kwa muda mrefu na wanaoandika nauli zao nawahesabu kwa vidole. Sasa, ili hesabu yangu imfae na mwingine anayesoma, bei ya gari naiita 100, kila kitu nakipima humo, we ukikaa nyumbani geuza kuwa hela yako. Nyie kwa miezi mitatu mmetumia 5, kwa mwaka ni 20, na ndani ya hiyo 20 teksi imekula 15. Hiyo 20 uishike vizuri.

Sasa kaka yako. Hajakudanganya kwa makusudi, anasema kile anachokiona, maana teksi inakutangazia gharama yake kila siku, unashuka, simu inalia, hela imekatwa, moyo unauma. Gari halifanyi hivyo. Gari gharama zake linakula kimya kimya na linakula kwa nyakati tofauti, leo bima, mwezi wa tano tairi, mwakani shokapu, na ile kubwa kuliko zote hailipwi kabisa mpaka siku unauza. Nayo ni kushuka thamani. Gari jipya likitoka tu kwa muuzaji linaanza kushuka, na mwaka wa kwanza ndo linashuka kuliko miaka yote. Lako lina miaka sita kwa hiyo ule mteremko mkali alishaubeba mwenzio, hilo ni jambo zuri, lakini bado linashuka. Tuseme umelinunua 100, umekaa nalo miaka mitano, umeliuza 50. Hapo kila mwaka umepoteza 10 na hakuna siku hata moja uliyotoa hela mfukoni ukasema hii ni ya kushuka thamani. Sawa, ni mali, simkatalii kaka, ila ni mali ya aina ya barafu.

Mimi mwenyewe gari langu la kwanza nililinunua kwa maneno hayo hayo. Nikaweka daftari dogo la jalada la bluu kwenye ile droo ya dashibodi, na kalamu imefungwa na uzi, kila nikitoa hela ya gari naandika hapo hapo kabla sijawasha. Ile miezi ya mwanzo nilikuwa naandika mafuta tu basi nikajiona mjanja sana, nimeshinda teksi mbali. Ikaja bima, ikaja betri, ikaja siku naingia gereji kubadili breki pedi tu, fundi akaniita chini ya gari akanionyesha buti ya eksile, ule mpira unaoshikilia grisi, imepasuka grisi yote imetapakaa kwenye rimu. Mwisho wa mwaka nilipojumlisha, paking na kuosha peke yake vilikuwa vimeikaribia hela ya mafuta. Kuosha jamani! Hakuna mtu anayeweka kuosha kwenye bajeti ya kununua gari.

Basi twende kwenye lako. Hizi ni makadirio, badilisha kila namba kwa uliyopewa wewe, mimi nimeweka za katikati. Ukilinunua kwa hela taslimu, kwa mwaka linashuka 10. Bima kubwa weka 4. Leseni na ukaguzi weka 1, paking na kuosha 2. Alafu kuna ile 100 yenyewe, ingekaa mahali pa usalama ingekuzalia tuseme 5 kwa mwaka, sasa haizai tena kwa hiyo nayo ni gharama hata kama hauioni. Jumla hapo ni 22. Na hizo zote ni gharama za gari kusimama tu, funguo ipo ukutani, hamjaenda popote.

Rudi sasa kwenye ile namba niliyokwambia uishike. Gari lisipotoka getini hata siku moja mwaka mzima litakula 22, wakati nyie mmezunguka mwaka mzima, mmeenda kazini, mmemshusha mtoto, mmewaona wazazi mara tano, kwa 20.

Ukitaka kubisha, bisha kwenye ile 5 ya hela kukaa bila kuzaa, wengi huwa wanaikataa, haya itoe, inabaki 17, bado hatujaweka mafuta. Gari likitembea inaingia mafuta na sevisi. Kazini siku zote tano ni kama kilomita 5,300 kwa mwaka, kwa wazazi mara tano ni 2,400, mizunguko ya wikiendi tuseme 1,500, jumla inakuja kwenye 9,200 hivi. Kwa mwendo huo weka mafuta 7, sevisi na tairi na vile vya ghafla 5. Ongeza kwenye 22 unapata 34. Kwa hiyo ni 34 dhidi ya 20, ila nikuambie ukweli hizo si safari zile zile. Kwenye 34 unapata gari siku zote tano, hamna kugombania basi, mtoto anakaa kwenye kiti chake cha usalama kimefungwa vizuri, na hicho kiti kwenye teksi nyingi hakuna (ingawa unaweza kununua cha kubeba, mtaonekana wasumbufu, vumilieni). Mnanunua na raha kidogo. Raha si dhambi, ila ijulikane inauzwa 14 kwa mwaka.

Hiyo ni ukiwa na hela taslimu, na wewe hauna. Hapa ndo nina wasiwasi zaidi, kwenye hilo neno flati. Riba ya flati maana yake wanaipiga juu ya mkopo wote tangu mwezi wa kwanza mpaka wa mwisho, kana kwamba haujalipa hata senti. 15% ya 70 ni 10.5, mara miaka minne ni 42, unarudisha 112 kwa mkopo wa 70. Mwaka wa nne umeshalipa sehemu kubwa ya deni lakini riba bado inahesabiwa kwenye 70 ile ile. Ingekuwa 15% ya salio linalopungua, riba yote ingekuwa kama 23.5 tu. Ukiigeuza hiyo flati yako iwe lugha ya salio linalopungua, ni kama 25% kwa mwaka. Benki hawajakuibia, wameandika kwenye karatasi, ila neno moja dogo limebeba karibu 19 ya bei ya gari na watu wengi wanalipita kama koma.

Sasa angalia mfukoni. Marejesho ni 28 kwa mwaka, ongeza mafuta, sevisi, bima, leseni, paking, hizo ni 19. Zinatoka 47 kila mwaka kwa miaka minne, kutoka kwenye kipato ambacho leo kinatoa 20. Mwisho wa miaka minne unabaki na gari la kama 60, sikatai, ila katikati hapo gari likiomba giaboksi utaitoa wapi wakati akiba ile ya 30 ulishaitoa yote kwa muuzaji? Nimewaona watu wa namna hii, gari lipo nje limefunikwa turubai, marejesho yanaendelea, na mwenye gari yupo kituoni anasubiri basi.

Tuje kwenye hili la gari kujilipa, ambalo kila mwenye kaka ameshalisikia. Jioni na wikiendi, ukijituma, unaweza kutembea kilomita 700 kwa wiki ukihesabu na zile unazokwenda tupu kumfuata abiria. Kwa wiki 48 ni zaidi ya 33,000, juu ya zile 9,200 zenu. Mwaka mmoja gari limetembea kama miaka minne na nusu ya familia. Sevisi ya kila kilomita 5,000 ambayo ungeifanya mara mbili utaifanya mara nane. Hela utaiona, kweli kabisa, kila usiku simu inakuonyesha umeingiza kiasi gani, lakini sehemu kubwa ya hiyo hela ni gari lako lenyewe unaliuza kipande kipande kwa abiria, af mwenye mtandao anakata chake juu. Na bima ya gari binafsi kwa kawaida haimtambui abiria wa kulipa, ukigonga ukiwa na abiria na bima yako imeandikwa matumizi binafsi, andaa maneno ya kuwaambia. Kuna watu wanaifanya hii kazi na inawalipa, ila wameifanya kazi, wana bima yake, wamechagua gari la kazi hiyo, hawajatoka ofisini saa kumi na moja wakaanza zamu nyingine wakiwa wamechoka. Halafu hebu niulize, gari unalitafuta kwa ajili ya saa nane usiku. Ijumaa saa nane usiku, gari la kujilipa litakuwa wapi?

Kuna njia ambayo haukuitaja kabisa na kwenu naona inakaa vizuri, kukodi kwa zile safari za wazazi. Mara tano kwa siku tatu ni siku 15 kwa mwaka. Kama siku moja ya kukodi ni robo ya 1, siku zote ni 3.75, mafuta ya kilomita 2,400 ni kama 1.8. Ukijumlisha na 20 ya sasa mnafika 25.6, na humo bado sijatoa nauli za basi ambazo hamtalipa tena. Ukilinganisha na 34 mna nafasi ya 8 hivi, ambayo mngeweza kuongeza matumizi ya teksi kwa asilimia 40 na bado msilifikie gari. Yaani siku ya mvua chukueni teksi, mtoto amechoka chukueni teksi, bila kugombana.

Kukodi kuna mitego yake ila ni ya kusoma, si ya kubahatisha. Uliza kama kilomita zina kikomo, kwa sababu safari ya 480 kwenda na kurudi inaweza kupita kikomo na zile za ziada zinalipiwa moja moja. Uliza ukigonga, kiasi gani cha kwanza ni chako kabla bima haijaingia. Dipositi inashikiliwa siku ngapi baada ya kurudisha. Kama shemeji naye ataendesha jina lake liandikwe. Na kabla haujaondoa gari zunguka nalo na simu unarekodi video, mikwaruzo, rimu, kioo, geji ya mafuta, fungua buti uone tairi la spea lina upepo na jeki ipo. Mimi niliwahi kulipishwa mkwaruzo wa bampa nilioukuta, ulikuwa chini kabisa karibu na gurudumu, sikuinama.

Kugawana gari na mtu, ndugu au jirani, nako kupo, na si kitu kipya, Zurich kule Uswisi watu waliunda ushirika wa namna hiyo tangu 1948. Inawezekana, ila muandikishane nani analipa tairi, nani anajaza mafuta, na wote wawili mkilitaka siku moja inakuwaje. Bila maandishi mtapoteza gari na ndugu.

Sasa lini gari linashinda? Linashinda, tena vizuri tu, sitaki uondoke hapa ukidhani mimi ni adui wa magari, ninalo. Kwa namba zenu, teksi mnatembea kama kilomita 3,200 kwa mwaka. Nimepiga, na kwa bei mnazolipa, gari la taslimu likichukua safari za teksi tu, basi libaki basi, linaanza kuwa nafuu kilomita za teksi zikifika 6,400 au 6,500 hivi. Mpo nusu ya njia. Mtoto akianza shule upande mwingine wa mji na kazi yenu, au shemeji akibadilishiwa kituo, au akaja mtoto wa pili na basi likawa halibebeki, mtaifika hiyo namba ndani ya miezi na hapo gari litakuwa halina mjadala. Anayeishi mahali teksi haifiki, anayebeba vifaa vya kazi, mwenye shida ya kutembea, hao hesabu yangu ya leo haiwahusu kabisa.

Haya, saa nane usiku. Sitamwambia shemeji kwamba namba zinasema asubiri, kwa sababu mama aliyesimama nje na mtoto anavuta pumzi kwa shida hana haja na asilimia zangu. Ila nataka muangalie usiku ule tena kwa utulivu. Kilichokosekana ni njia ya kufika hospitali ndani ya dakika chache, gari ni njia mojawapo na si lazima iwe ya uhakika kuliko nyingine. Gari linalokaa linaishiwa betri, na huwa unagundua siku unayolihitaji. Usiku ule ungekuwa wewe ndo unaendesha, mtoto nyuma anakoroma kifua, akili yako yote ipo kwenye kioo cha nyuma. Na siku umesafiri kikazi, shemeji anaendesha?

Kwa hiyo kabla ya kwenda benki nendeni kwa daktari wa mtoto, nyote wawili, muombe mpango wa maandishi wa nini cha kufanya akibanwa. Dawa ipi ianze, kiasi gani, dalili zipi zikionekana hamsubiri hata dakika moja, na mfundishwe kutumia ile pampu ya kuvuta dawa na chemba yake (kile kichupa cha plastiki kinachounganishwa nayo) vizuri maana wazazi wengi wanaitumia vibaya bila kujua. Bandikeni ukutani. Mtoto akishindwa kuongea kwa kukosa pumzi, au midomo ikianza kubadilika rangi, hiyo si ya kusubiri teksi wala kutafuta funguo, piga namba ya dharura huku mtu anagonga kwa jirani mwenye gari. Alafu wiki hii tafuteni madereva wawili wanaolala karibu na kwenu, ongeeni nao uso kwa uso, wambie kabisa nina mtoto mgonjwa, ukipigiwa usiku nalipa mara mbili, nipe namba isiyozimwa. Mara mbili ya nauli mara nne kwa mwaka haifiki hata robo ya marejesho ya mwezi mmoja. Na jirani mwenye gari, mwambieni mapema. Watu wengi wanakubali wakiombwa mchana.

Mkishafanya hayo yote na shemeji bado halali usingizi, basi nunueni, na mimi sitasema mmekosea, amani ya nyumba nayo ina bei. Ila msinunue kwa huo mkopo. Kaeni na 20 yenu na hizo safari za kukodi, ile tofauti mngelipa benki iwekeni pembeni kila mwezi kama marejesho kweli, mkiweka 20 tu kwa mwaka, baada ya miaka miwili mna 70 na kitu ukijumlisha na akiba ya sasa, na hapo mnaweza kununua gari la bei ya 60 taslimu na 10 ikabaki ya matatizo. Au kama ni lazima iwe mkopo, rudi benki uombe wa salio linalopungua, waombe wakuandikie jumla yote utakayorudisha, si asilimia, namba kamili, na uwaulize ukimaliza mapema wanapunguza au wanakuadhibu.

Na gari lenyewe usilinunue kwa picha wala kwa fundi wa muuzaji. Tafuta fundi wako, umlipe wewe, aliwashe injini ikiwa ya baridi kabisa, ukikuta muuzaji ameshalipasha kabla hujafika jiulize kwa nini. Achomeke mashine ya kusoma makosa, aangalie oili ya giaboksi, alale chini. Taiming belti kama haina kumbukumbu ya lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa na uitoe kwenye bei. Kilomita za dashibodi zinarudishwa nyuma, kwa hiyo angalia pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva, vikiwa vimechakaa kuliko namba inavyosema amini vitu. Tairi inama usome ubavuni, kuna tarakimu nne za mwisho kwenye ile alama inayoanza na DOT, 2319 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na bado imezeeka mpira wake, na nne kwa mpigo ni hela ambayo muuzaji hatakukumbusha.